Maneno ya Kiingereza ya Kuishiwa na Subira, na Asili Yake

Zamani, tulipokuwa wanafunzi katika shule ya misheni, tulifundishwa na Mwingereza mmoja, mtu mwema, lakini asiyependa kurudia jambo mara tatu. Siku moja alikuwa akitufundisha hesabu, nasi tukawa twakosea tu, swali kwa swali. Mwisho akaweka chaki mezani akasema polepole, "You are trying my patience." Sisi tulijua ya kuwa "try" maana yake ni kujaribu, tena tulijua ya kuwa mwanafunzi mwenye adabu haachi kuitika. Basi tukasimama tukajibu kwa furaha, "Yes, sir, we are trying." Uso wake ukawa mwekundu kama pilipili. Jioni ile tulifyeka majani ya uwanja wa mpira hata jua likatua, wala hapakuwa na mmoja wetu aliyejua kosa lake.

Miaka ilipita, nasi tukawa twafundisha vijana wanaojifunza kazi ya ualimu. Tuliona wakikwama pale pale tulipokwama sisi. Kijana ajua ya kuwa "angry" ni mwenye hasira, akadhani mambo yamekwisha. Kumbe Mwingereza ana maneno ya kukasirika kama mkulima alivyo na majina ya mvua: yako manyunyu, iko rasharasha, iko masika, na iko mvua ya mawe. Asiyejua tofauti zake atatoka na mwavuli siku ya gharika. Na sisi tumeona kwamba njia nzuri ya kuyajua maneno haya si kuyakariri kama jedwali la kuzidisha, bali ni kuuliza yalitoka wapi, kwa maana hayakuingia Uingereza siku moja wala kwa mlango mmoja.

Tuanze na neno lenyewe "anger". Waingereza wa kale sana hawakuwa nalo. Walikuwa na neno lao "wrath", nalo lingaliko, lakini leo limekaa zaidi katika Biblia na vitabu vya heshima. Husemwa ghadhabu ya Mungu kwa neno hilo, wala si ghadhabu ya mtu aliyeunguziwa wali. Mwaka 793 mabaharia kutoka nchi za kaskazini, ndiko Denmaki na Norwei za leo, walishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Uingereza. Baada ya hapo walikuja tena na tena, kwanza kwa kuteka nyara, kisha kwa kukaa na kulima. Wakaoana na wenyeji, na lugha zao zikachanganyikana. Maneno mengi ya Kiingereza ya kila siku ni urithi wao: "egg" ambalo ni yai, "skin" ambalo ni ngozi, "window" ambalo ni dirisha. Na "anger" ni mojawapo.

Lakini tazameni ajabu hii. Katika lugha ya mabaharia wale, neno "angr" halikuwa hasira. Lilikuwa huzuni, msiba, taabu. Na shina lake la kale zaidi lina maana ya kubanwa mahali pembamba. Waingereza walipolichukua, kwanza walilitumia kwa huzuni vile vile, kisha pole pole likageuka kuwa hasira. Sasa turudi kwetu. Neno letu "hasira" limetoka katika Kiarabu, na katika Kiarabu "hasra" ni huzuni na majuto. Na neno letu "dhiki", nalo la Kiarabu, asili yake ni kuwa pembamba, kubanwa. Basi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki na watu wa Uingereza, kabla hawajajuana, kila mmoja alipokea neno la huzuni lililokuja kwa njia ya bahari, akaligeuza kuwa la hasira. Hakuna aliyemwiga mwenziwe. Sisi twadhani walimtazama tu mtu aliyekasirika, wakaona ya kuwa kwanza ameumizwa.

Mwaka 1066 walikuja wageni wengine. William, mtawala wa Normandi katika Ufaransa, alivuka bahari akamshinda mfalme wa Waingereza katika vita vya Hastings. Tangu hapo, kwa muda upatao miaka mia tatu, Kifaransa kilikuwa lugha ya jumba la mfalme na ya mahakama, na Kiingereza kikabaki mashambani na jikoni. Hata mwaka 1362 ilipasa kutolewa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu walikuwa wakihukumiwa kwa lugha wasiyoijua. Jambo hilo si geni masikioni mwetu.

Katika miaka hiyo liliingia neno "annoy". Asili yake ni maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya "katika chuki", ambayo Wafaransa waliyaunganisha yakawa neno moja. Lilipoingia Uingereza lilikuwa neno zito. Lilimaanisha hata kudhuru na kutesa. Lakini neno ni kama sarafu: likipita katika mikono mingi hulika. Leo "annoyed" ni dogo kuliko "angry". Ni kuudhika, kukereka. Mtu huwa "annoyed" kwa mlango unaogongagonga usiku, au kwa jirani asiyerudisha sufuria. Kisha asema "annoyed with" akimtaja mtu, na "annoyed at" au "annoyed about" akitaja jambo.

Kwa njia hiyo hiyo ya Kifaransa yalikuja "patience" na "impatient". Shina lake la Kilatini ni kuteseka na kustahimili, ndiyo sababu mgonjwa wa hospitali huitwa kwa Kiingereza "patient": ndiye anayestahimili maumivu. Basi "impatient" ni yule asiyekubali kustahimili zaidi. Lakini hapa pana mtego, na vijana wengi hunaswa. "Impatient with" mtu ni kuchoshwa naye. "Impatient for" kitu ni kukitamani kwa haraka, wala hamna uchungu ndani yake. Watoto walio "impatient for" sikukuu hawajakasirika hata kidogo. Wana hamu tu. Tulipata kusoma barua ya mwanafunzi aliyetaka kumwambia mchumba wake kwamba ana hamu ya kumwona, akaandika "I am impatient with you". Twasikia walipatana baadaye.

Na "try"? Hilo nalo ni la Kifaransa. Asili yake ni kuchambua, kama vile mwanamke apepetavyo mchele kwa ungo, akitenga chuya na punje. Mahakimu waliokuwa wakisema Kifaransa walilitumia kwa kuchambua kesi ili kutenga kweli na uwongo, na mpaka leo kesi huitwa "trial". Wafua dhahabu walilitumia kwa kuipima dhahabu motoni. Maana ya kujaribu kufanya jambo ilikuja baadaye. Kwa hiyo mwalimu wetu hakusema kwamba twafanya bidii. Alisema ya kuwa subira yake ilikuwa motoni, nasi ndio tuliokuwa kuni. Lau angalitokea mtu wa kutueleza habari za ungo na za dhahabu, majani ya uwanja yangalifyekwa na wengine.

Sasa twafika kwa waganga, na hapa tuna mengi ya kusema, kwa maana bila wao maneno kama "temper" hayafahamiki. Wayunani wa kale, waliofuata mafundisho ya Hippocrates, na baada yao Galen, aliyezaliwa mwaka 129 baada ya Kristo, walifundisha ya kuwa mwili wa mwanadamu una maji ya namna nne: damu, belghamu, nyongo ya manjano, na nyongo nyeusi. Yakichanganyika kwa kipimo sawa, mtu huwa mzima na mtulivu. Moja likizidi, tabia yake huharibika. Nyongo ya manjano ikizidi, mtu huwa mwepesi wa hasira, na Kiingereza humwita "choleric", neno lenye maana ya nyongo. Belghamu ikizidi, huwa mzito, hashtuki wala hakasiriki, naye huitwa "phlegmatic".

Elimu hii ilipokewa na matabibu wa Kiislamu, wakaihifadhi na kuikuza. Kitabu kikubwa cha Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, na vyuo vya Ulaya vilikisoma kwa mamia ya miaka. Tawi jingine la elimu hiyo hiyo lilifika pwani yetu. Wazee wa pwani wanaogawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi wanaifuata mpaka leo. Neno "belghamu" ni la matabibu wale, na ugonjwa tuuitao safura umepata jina lake kwa neno la Kiarabu la nyongo ya manjano. Kwa hiyo Mswahili anayesema ya belghamu na Mwingereza anayesema "phlegm" wamesoma kwa mwalimu mmoja, ijapokuwa hawakukaa dawati moja.

Maji yale manne kwa Kilatini yaliitwa kwa jina lililozaa "humour" ya Kiingereza. Mwaka 1598 mwandishi Ben Jonson alionyesha mchezo wake "Every Man in His Humour", na Shakespeare mwenyewe alikuwa mmoja wa wachezaji. Siku zile "humour" haikuwa mzaha, kama wengi wanavyodhani leo; ilikuwa hali ya maji ya mwilini mwa mtu. Mtu aliyeudhika ni "out of humour", yaani ametoka katika hali yake njema. Na "temper" ni mchanganyiko wenyewe, kwa kuwa asili yake ni kuchanganya kwa kipimo. Hivyo "to lose one's temper" ni kupoteza kipimo kile, na maji yakaenda mrama. "Keep your temper" ni kusema, tunza kipimo chako, usikasirike. Lakini katika kutumika sana neno limegeuka kichwa chini miguu juu: sasa "temper" peke yake yaweza kuwa hasira yenyewe. Akiwa "in a temper" amekasirika, na akiwa ameipoteza "temper" yake pia amekasirika! Mwanafunzi mmoja alituuliza, "Mwalimu, sasa ikiwa kuwa nayo ni hasira na kukosa nayo ni hasira, aliyetulia ana nini?" Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa na haki.

Waganga wale waliitia lawamani hata bandama. "To vent one's spleen" ni kumwaga uchungu uliojaa katika bandama, yaani kumkaripia mtu, mara nyingi asiye na hatia. Mwaka 1628 William Harvey alichapisha kitabu chake kuonyesha jinsi damu inavyozunguka mwilini, na baada ya hapo elimu ile ya maji manne ilianza kupungua nguvu hata ikafa katika vyuo. Uganga ukafa, maneno yakabaki.

Hapa yafaa tuseme jambo tuliloliona sisi wenyewe katika kufundisha. Kwa Mwingereza, subira ni mali. Anayo, anaitunza, anaipoteza, nayo humwishia kama unga katika debe: "I have run out of patience". Kwetu mambo hayaendi hivyo. Twasema hasira zimempanda, kisha zimeshuka. Twasema uvumilivu umemshinda. Kwetu hasira ni kitu kinachomkwea mtu, na mtu hushindwa kama katika mieleka. Kijana akijaribu kusema Kiingereza kwa njia yetu, akamwambia Mwingereza kwamba hasira zimempanda, hataeleweka. Hana budi kujifunza kuhesabu mali ya mwenziwe.

Maneno ya malishoni hayatatuchelewesha, kwa kuwa mwanakijiji ayaona kwa macho. "I am at the end of my tether": "tether" ni kamba ya kumfungia mnyama anapochunga, neno lililoletwa na mabaharia wale wale wa kaskazini. Mbuzi amekula majani yote yaliyomzunguka, kamba imekaza, kigingi hakisogei. Sisi pia husema ya kuwa mbuzi hula urefu wa kamba yake, lakini kwetu hilo ni habari ya riziki. Kwao ni habari ya nguvu na subira kwisha kabisa. Mama aliyekesha siku nne na mtoto mgonjwa aweza kulisema bila kumkasirikia mtu. "To fly off the handle" lilitoka Marekani katika karne ya 19, nalo ni la shoka lililochomoka katika mpini. Aliyewahi kusimama karibu hahitaji maelezo, ila akumbuke kwamba neno hili lina dhihaka kidogo, asilitumie kwa mtu mzima mbele yake. "The last straw" ni jani kavu moja lililovunja mgongo wa ngamia. Ngamia katika mashamba ya Uingereza! Katika karne ya 17 walisema ni unyoya uliovunja mgongo wa farasi, lakini ngamia akashinda, na Charles Dickens alimtumia katika kitabu chake "Dombey and Son", kilichokamilika mwaka 1848.

Ndipo zikaja mashine. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wataalamu wa London chungu cha mvuke kilichofungwa kabisa, akakitia kilango cha kutolea mvuke kabla hakijapasuka. Mwaka 1830 ilifunguliwa reli ya Liverpool na Manchester, na watu wakazoea kuona gari la moshi limesimama likipuliza mvuke kwa kelele. Kutokana na hayo walipata "to let off steam": mtu aliyejaa hasira huachwa aseme, apige kelele, kisha ametulia, wala hakuna aliyeumia. Wale waliopata kuyaona magari yale katika reli ya Mombasa na Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901, wanalielewa neno hili kwa masikio.

Na askari wana lao, "fed up". Maana yake ni aliyelishwa mpaka juu, hata hawezi kumeza tena. Lilienea sana miongoni mwa askari wa Kiingereza wakati wa vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902. Mswahili halioni geni, kwa kuwa naye husema amekinai. Lakini litunzeni vizuri. Ni neno la kambini na la barazani, la marafiki. Si neno la barua ya ofisi. Jambo hili lilimgharimu mtu tumjuaye.

Kijana mmoja tuliyemfundisha alikuwa na miezi mitatu hajapata mshahara wake. Aliandika kwa ofisi iliyohusika, "I am fed up with waiting for my salary." Baada ya majuma mawili akaja kwetu, na uso wake wang'aa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna habari gani?"

"Habari njema. Bwana mkubwa ameshangaa. Bila shaka hakujua kama sijalipwa."

Tukaisoma barua. Ilikuwa na mstari mmoja tu: "I am surprised at the tone of your letter." Tulimketisha, tukamweleza kwamba katika barua za ofisi Mwingereza akikasirika sana huchagua neno dogo. "Surprised" hapo si mshangao. "A little disappointed" si kidogo. Akiandika "rather annoyed", mtu na ajitayarishe. Furaha ya kijana ilizimika, akanyamaza kitambo kirefu.

Jioni ile tuliandika pamoja barua nyingine. Tuliomba radhi kwa maneno ya kwanza, ijapokuwa hakuna aliyemwomba yeye radhi kwa miezi mitatu, kisha tukaandika, "I am growing a little anxious about my salary." Fedha zilikuja mwisho wa mwezi uliofuata, pasipo neno lo lote.

Alipokuja kutushukuru alituuliza swali. Je, Waingereza wana neno la hasira ya mtu asiyeruhusiwa kuionyesha? Tukalitafuta katika kamusi, tukalipata: "resent". Limetoka katika Kifaransa, na asili yake ni kuhisi, kisha kuhisi tena. Katika karne ya 17 liliweza kutumika hata kwa wema, mtu akikumbuka fadhili alizotendewa. Maana hiyo ilikufa, ikabaki ile ya uchungu. Kijana alilisoma mara mbili, akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe ni kinyongo." Tukamwambia ndilo hasa, tena ni jina la nyongo ile ile ya waganga. Akaliandika katika daftari lake, upande wa kushoto Kiingereza, upande wa kulia Kiswahili, akaaga.